Meli Ndiyo Inayochagua Helikopta

Mezani kwangu kuna vipande vinne vya kadibodi. Nilivikata mwenyewe kwa wembe, kila sentimita 1 ikisimama badala ya mita 1: Lynx ya Uingereza, Seahawk ya Marekani, Ka-27 ya Warusi, na Merlin ambayo ni kubwa kuliko zote. Chini yake ipo karatasi niliyochorea sitaha ya tezi, yaani ya nyuma, ya frigeti (meli ya kivita) ya Uingereza ya aina ya Type 23, pamoja na ukuta wa hanga yake. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Niliianza kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana.

Ubishi wenyewe wapenzi wa ndege wanaujua: kati ya helikopta za majeshi ya majini, ipi ni kiboko? Huyu anataja kasi, yule anataja makombora, mwingine anakuja na umbali inaoweza kwenda bila kujaza mafuta. Nimeshiriki ubishi huo miaka mingi nikiwa nimekariri takwimu zote. Kisha nikaiweka Merlin ya kadibodi juu ya sitaha ya karatasi. Rota yake, yaani mapanga yanayozunguka juu, ina kipenyo cha mita 18.6. Frigeti yenyewe ina upana wa mita 16 na kidogo. Mapanga yakafunika sitaha yote na kuchungulia nje, zaidi ya sentimita moja kila upande.

Nikaiacha pale, nikaitazama kwa muda. Mapanga kupita nje ya kingo za meli si hatari yenyewe, maana huko nje ni hewa tupu. Hatari iko mbele, kwenye ukuta wa hanga uliosimama mita chache tu kutoka ncha za mapanga. Sasa ondoa karatasi iliyotulia, uweke bahari. Meli inalala ubavu huu, inainuka, inalala ubavu ule. Tezi inapanda juu ya wimbi halafu inaporomoka. Ni usiku. Rubani amekuwa angani kwa muda wa saa tatu na mafuta yanaelekea ukingoni. Sitaha nyingine ya karibu haipo. Tangu siku hiyo sijamwuliza mtu helikopta ipi ni bora kabla sijamwuliza: ya meli gani?

Tuanze na Lynx, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kutazama miguu ya helikopta kabla ya kitu kingine chochote. Iliruka kwa mara ya kwanza Machi 1971. Wengi wanaijua kwa rekodi: tarehe 11 Agosti 1986, Lynx moja iliyofanyiwa marekebisho ilifikia kilomita 400.87 kwa saa. Rekodi ile ni ya haki na inaheshimika. Lakini mabaharia waliipenda kwa sababu nyingine kabisa. Waliipenda kwa jinsi inavyokaa chini.

Ipo video niliyoitazama kipande kwa kipande, nikiisimamisha kila baada ya sekunde. Lynx inakuja ubavuni mwa meli, inalingana nayo mwendo, inateleza pembeni mpaka juu ya sitaha. Inangoja. Meli inapotulia kidogo, inajibwaga. Haishuki taratibu kama ndege ya abiria; inajibwaga kwa kusudi, na miguu yake minene inafyonza pigo lote. Wakati huohuo rubani anaendelea kushusha mkono wa kuongozea mapanga mpaka pembe yake inapita sifuri. Hapo rota, badala ya kuinua, inaanza kusukuma chini. Mashine ya tani tano inajikandamiza yenyewe kwenye chuma. Chini ya tumbo linatoka chusa, naam, chusa kama la mvuvi, linaingia kwenye bamba la chuma lenye matundu lililozamishwa katikati ya sitaha, na kung'ata. Kuanzia hapo meli ikienda mrama, helikopta inakwenda nayo.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda zaidi. Magurudumu ya nyuma ya Lynx yamekaa upande, yameelekea nje kama miguu ya bata, na gurudumu la mbele linaweza kugeuzwa kabisa. Ikiwa imeng'ata kwa chusa, inaweza kuzunguka palepale na kuelekeza pua upande wa joshi bila meli kubadili njia. Nahodha anayewinda nyambizi anaelewa maana yake. Meli inayolazimika kugeuka kufuata upepo kila helikopta inapotaka kuruka ni meli inayoacha kazi yake na kujianika.

Yote hayo yana bei. Kitovu cha rota ya Lynx kilifuliwa kwa titani, na mapanga yake hayana bawaba zilizolegea kama za helikopta nyingi za kizazi chake. Ndiyo maana inaitikia mkono wa rubani papo hapo, kitu unachokihitaji sana sitaha inapokuinukia ghafla. Lakini rota ngumu hurudisha mtikisiko ndani ya mwili wa ndege, na mtikisiko hula kila kitu: viungo, vifaa vya umeme, migongo ya watu. Tena ni helikopta ndogo. Ukiijaza mafuta, unapunguza silaha. Ukiongeza silaha, unarudi mapema.

Wakanada walilitazama tatizo hilohilo na wakalijibu kinyume. Walitaka helikopta kubwa, Sea King ya tani tisa hivi, kwenye meli za tani 3,000 hivi, katika Atlantiki ya Kaskazini ambako bahari ya utulivu ni bahati. Badala ya kutafuta helikopta inayoiweza sitaha, wakatengeneza sitaha inayoiweza helikopta. Waliuita mtambo huo Beartrap, yaani mtego wa dubu, na majaribio yalifanyika kwenye meli ya HMCS Assiniboine kuanzia 1963.

Unavyofanya kazi ni hivi. Helikopta inaning'inia juu ya sitaha na kuteremsha uzi mwembamba. Watu wawili watatu walio chini, wameinama chini ya tufani la mapanga, wanaugusa kwanza kwa fimbo ya kuondolea umeme, kwa sababu helikopta inayopasua hewa hujichaji na mtu akiugusa kwa mkono mtupu anaweza kuangushwa. Kisha wanaunganisha uzi na kebo nene, kebo inavutwa juu na kujifunga tumboni mwa ndege. Winchi iliyo ndani ya meli inashika mkazo uleule hata sitaha ipande au ishuke. Rubani anavuta juu, winchi inavuta chini, na kati ya nguvu hizo mbili helikopta inatulia kama kishada kwenye uzi. Ukifika wakati mzuri inavutwa, mchi ulio chini yake unaingia kwenye mtego, taya zinafunga, na mtego huohuo unaiburuta kwa reli mpaka ndani ya hanga. Hakuna mtu anayelazimika kuisukuma kwa mikono juu ya chuma chenye maji.

Ni ubunifu ninaouheshimu mno. Lakini tazama gharama imehamia wapi. Winchi, reli, mtego na mafundi wake sasa ni mali ya meli. Vinachukua nafasi na uzito chini ya sitaha, na vinahitaji kutunzwa hata siku ambazo helikopta haipo. Na kebo inaomba watu wasimame chini ya rota katika hali mbaya ya hewa, jambo ambalo chusa halihitaji. Kila mmoja alilipa. Mmoja alilipia ndani ya helikopta, mwingine ndani ya meli.

Seahawk imesimama katikati ya njia hizo mbili. Ilizaliwa kutokana na Black Hawk ya jeshi la nchi kavu, na hapo ndipo kadibodi ilipoanza tena kunifunza. Black Hawk ina gurudumu la nyuma mwishoni kabisa mwa mkia, karibu mita tisa kutoka yale ya mbele. Kwenye uwanja wa majani hilo ni zuri, linalinda mkia usigonge chini. Kwenye sitaha fupi, gurudumu hilo lingening'inia juu ya maji. Kwa hiyo wahandisi walilisogeza mbele, umbali ukashuka mpaka mita 4.83, wakaufanya mkia ukunjike na mapanga yajikunje yenyewe kwa umeme. Wakaongeza mtambo wa kuivuta helikopta chini, uliotokana na ule wa Wakanada. Helikopta ileile, lakini sasa inakaa kwenye sitaha ya meli iliyo nyembamba kuliko rota yake.

Na hapo pia kuna kilichoachwa. Marekani ilipotaka helikopta ya kubeba shehena na watu kati ya meli kubwa, MH-60S, ililiacha gurudumu la nyuma palepale lilipokuwa kwenye Black Hawk, kwa sababu sitaha za meli hizo ni pana. Ndugu wawili wa tumbo moja, na tofauti yao imeandikwa na urefu wa sitaha.

Kadibodi ya Ka-27 ndiyo iliyonishangaza zaidi. Haina rota ya mkia. Rota mbili zimepangwa moja juu ya nyingine kwenye mhimili mmoja, zikizunguka kinyume, na kila moja inafuta msukumo wa kuizungusha ndege unaoletwa na mwenzake. Mwili wake una urefu wa mita 11.3 tu, na mkia haupiti mduara wa mapanga. Nilipoiweka kwenye sitaha ya karatasi nilipata nafasi ya kutembea. Isitoshe, kwenye helikopta ya kawaida rota ya mkia hula karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu za injini ikiwa inaning'inia, nguvu ambazo haziinui chochote. Kamov, watengenezaji wa Ka-27, waliziokoa zote. Na upepo wa ubavuni, ule unaowatesa marubani wengine kwa kukamata mkia na kuusukuma, hauisumbui sana. Nikajiambia kwamba Warusi wamelimaliza tatizo.

Kosa langu lilikuwa kukata kadibodi bapa. Ka-27 ina kimo cha mita tano na nusu hivi, maana rota mbili zinahitaji nafasi kati yao ili zisigongane, na nafasi hiyo yote inakwenda juu. Kwa hiyo hanga nayo inapanda. Kila mita unayoongeza kwenye kimo cha hanga ya meli ndogo ni chuma kilichowekwa juu, mbali na maji, na chuma kilichowekwa juu huiongezea meli mrama. Mlingoti mnene uliosimama kwenye upepo nao hupunguza mwendo. Kisha kuna fundi: vitovu viwili, mapanga sita, na fito za kuongoza rota ya juu zikipenya katikati ya ile ya chini. Nafasi iliyookolewa kwenye sitaha imelipwa kwa kimo na kwa saa za kazi za fundi.

Nimezungumza sana juu ya kutua, nami sijutii, kwa sababu ndiko vitabu vingi vinakopita haraka. Ila helikopta haikununuliwa ili itue. Kazi yake kubwa ni kutafuta nyambizi, na hapo uzito ndio unaoamua.

Mwanzoni kazi hiyo ilihitaji helikopta mbili. Sikorsky HSS-1 ya miaka ya 1950, yenye injini moja, haikuweza kubeba sona (kifaa cha kusikiliza chini ya maji) na silaha kwa pamoja kwa namna inayofaa, hivyo zilikwenda jozi: moja ikisikiliza, nyingine ikingoja kuua. Sea King, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1959 ikiwa na injini mbili za tabo, iliunganisha sikio na mkono katika mwili mmoja. Waingereza nao, kwa meli zao ndogo, walichagua njia rahisi: Wasp, helikopta ndogo ya injini moja isiyo na sona. Meli ndiyo iliyosikiliza. Wasp ilipaa na topido, silaha inayokwenda chini ya maji, ikaelekezwa kwa redio mahali pa kuidondosha. Kama meli haisikii, Wasp haina kazi. Lakini iliwezekana kuiweka karibu kila frigeti, na helikopta dhaifu iliyopo imewasumbua manahodha wa nyambizi kuliko helikopta bora iliyobaki bandarini.

Kuna namna mbili za kusikiliza kutoka angani. Unaweza kudondosha maboya ya sona, ukaendelea kuruka huku yakikurushia sauti kwa redio. Au unaweza kuning'inia juu ya maji na kuchovya sona kwa kebo, ukasikiliza, ukaivuta, ukasogea kilomita kadhaa, ukachovya tena. Maboya yanafunika eneo kubwa na hayakulazimishi kusimama, lakini yakishatumika yamekwisha, na meli ina stoo yenye mwisho. Sona ya kuchovya unaitumia mara elfu, unaweza kuishusha mpaka kina ambacho sauti inapita vizuri, na nyambizi haijui utachovya wapi tena. Lakini winchi na kebo yake ni nzito, na kuning'inia ndiyo kazi inayotafuna mafuta kuliko zote, kwa kuwa rota haipati msaada wa hewa inayokuja mbele.

Marekani kwa muda mrefu haikuchagua, ilitengeneza mbili. SH-60B ya kwenye frigeti na destroya ilibeba maboya 25 kwenye ubavu wa kushoto bila sona ya kuchovya. SH-60F ya kwenye meli kubwa za kubeba ndege ilichovya. Baadaye MH-60R ilizirithi zote mbili, na uzito wa juu wa kuruka ukapanda mpaka zaidi ya tani kumi. Tazama pia Wildcat, mrithi wa Lynx. Wanamaji wa Uingereza wanairusha bila sona ya kuchovya, kwa kuwa wana Merlin kwa kazi hiyo. Korea Kusini ilinunua nane, na zake zina sona. Ni helikopta ileile na kiwanda kilekile. Mwenye Merlin na asiye na Merlin hawawezi kununua Wildcat ya aina moja.

Kuhusu injini nitakuwa mfupi, ingawa najua ubishi wake unaweza kukesha. Ukiwa unaning'inia usiku karibu kabisa na maji, kebo ikiwa imezama, injini moja ikizimika unataka iliyobaki iweze kukubeba. Ndiyo hoja ya injini mbili, na ndiyo hoja ya Merlin kuwa na tatu: ikipoteza moja inabaki na theluthi mbili ya nguvu, na ikiwa safarini inaweza kuzima moja kwa hiari ili ikae angani muda mrefu. Inavutia. Ila injini tatu zina nafasi tatu za kuharibika, na zote zinahitaji vipuri, mafuta, na mikono ya fundi. Helikopta inayoanguka majini nayo hupinduka haraka, kwa kuwa injini na gia boksi viko juu. Sea King ilipewa tumbo kama la mashua na bado mawimbi yangeweza kuigeuza. Ndiyo maana wahudumu wote wa helikopta za baharini hufundishwa kutoka ndani ya kibanda kilichopinduliwa bwawani, gizani, wakihesabu kwa vidole mpaka kwenye dirisha.

Sasa chumvi. Laiti ningeweza kumlazimisha kila mbishi wa mtandaoni asome jambo moja, lingekuwa hili. HSS-1 niliyoitaja ilijengwa kwa magnesi nyingi, metali nyepesi mno, na maji ya chumvi yaliila vibaya. Tangu hapo wahandisi wamejifunza mengi, lakini chumvi haijaacha kazi. Kila baada ya kuruka chini juu ya bahari, fundi anaizungusha injini bila kuiwasha na kuipulizia maji baridi yasiyo na chumvi mdomoni, ili kuosha ukoko mweupe unaojijenga kwenye vipanga vya ndani. Anafanya hivyo akiwa amejifunga kamba, sitaha ikiyumba, na maji anayotumia yametengenezwa na meli yenyewe, yaleyale wanayokunywa wenzake.

NH90 ya Ulaya ilikuja na mwili wa nyuzi za kaboni ambao haushiki kutu, na uongozaji wa umeme mahali pa fito za chuma. Kwenye karatasi, ni helikopta niliyoipenda sana. Lakini ndani ya mwili wa kaboni bado kuna metali, na kaboni ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa haraka zaidi. Mwaka 2014 Uholanzi ilisimamisha kwa muda kupokea helikopta zilizobaki baada ya kukuta kutu na uchakavu. Norway iliagiza 14 mwaka 2001, kwa walinzi wa pwani na kwa frigeti zake za aina ya Fridtjof Nansen. Zilichelewa miaka. Mahitaji yalikuwa saa 3,900 za kuruka kwa mwaka. Zilipatikana kama 700. Juni 2022 Norway ilivunja mkataba na kutaka kurudishiwa fedha zake, na mwaka 2023 ikachagua MH-60R sita.

Nimesoma watu wakicheka habari hiyo, na inaniuma. Nyuma ya saa 700 kuna mafundi waliokuwa wakivua kifaa kwenye helikopta moja ili nyingine iruke, na frigeti zilizokwenda baharini hanga zikiwa tupu. Tena Ujerumani, ikijua yote hayo, iliagiza NH90 31 mwaka 2020 kuchukua nafasi ya Lynx zake. Sidhani ilikosea kwa lazima. Nchi inayoshiriki kuijenga, yenye kiwanda karibu na kundi kubwa la helikopta hizo, inanunua kitu tofauti na nchi yenye 14 zilizogawanywa kwa kazi mbili. Kundi dogo ndilo linaloumia kwanza vipuri vinapochelewa. MH-60R ina umbo la miaka ya 1970, na kwangu mimi hilo linaelekea kuwa sifa: karibu kila njia ambayo inaweza kuharibika, mtu ameshaiona na kuiandika.

Kisa cha Australia kinanigusa zaidi ya vyote. Mwaka 1997 iliagiza Super Seasprite 11. Seasprite ni helikopta ndogo iliyoanza kuruka mwaka 1959, na sababu kubwa ya kuitaka ilikuwa mpango wa kujenga pamoja na Malaysia meli ndogo za doria. Kwa meli ndogo, helikopta ndogo, hoja safi. Ili kuokoa uzito na watu, iliamuliwa vifaa vya kisasa viwawezeshe wahudumu wawili kufanya kazi ya watatu. Kisha mpango wa meli ukafa. Meli hazikujengwa. Helikopta ikabaki, na pamoja nayo ikabaki programu ngumu ya kompyuta iliyobuniwa kuwabana watu wawili ndani ya kibanda cha zamani, wakati frigeti zilizokuwepo zingeweza kubeba helikopta kubwa zaidi. Mwaka 2006 zilizuiwa kuruka kwa sababu ya matatizo ya mfumo wa kuongozea. Machi 2008 mradi ulifutwa, baada ya zaidi ya dola bilioni 1 za Australia kutumika. New Zealand, ambayo tayari ilikuwa na mafundi na marubani wa Seasprite, ilizinunua mwaka 2013 na ikazirusha. Ndege zilezile. Kilichobadilika ni nani anazipokea, na anazitaka zifanye nini.

Kanada ilikuwa na kisa chake: ilifuta oda ya EH101, yaani Merlin yenyewe, mwaka 1993 baada ya serikali kubadilika, ikalipa karibu nusu bilioni ya dola za Kanada kwa kuvunja mkataba, na Sea King zake zikaendelea mpaka 2018. Miaka 55. Watoto wa marubani wa kwanza walikuwa na umri wa kuzirusha, na wajukuu pia.

Wapo wanaosema haya yote yatakwisha helikopta zisizo na rubani zitakapotawala. Labda. Mimi nakumbuka kwamba Marekani ilishajaribu miaka ya 1960 na QH-50 DASH, kijihelikopta cha rota mbili kilichobeba topido na kuongozwa kwa redio, kwa ajili ya destroya ambazo sitaha zake hazikuweza kubeba helikopta ya mtu. Zilijengwa zaidi ya 700, na mamia zilipotelea baharini. Frigeti za aina ya Knox, zilizobuniwa kwa ajili ya DASH, zikaja kubadilishiwa Seasprite na ikabidi hanga zake zirefushwe. Hata ndege isiyo na mtu iliiachia meli umbo lake.

Watu huniuliza ningechagua ipi. Kwa frigeti ya tani elfu nne au tano, katika nchi isiyo na kiwanda chake, ningechukua MH-60R bila kukesha. Kwa meli ndogo ya doria isiyowinda nyambizi ningechukua Wildcat au Panther, helikopta nyingine ndogo, ningefurahia chusa, na fedha iliyobaki ningeiweka kwenye vipuri vya miaka kumi kabla ya kununua kombora hata moja.

Lakini kadibodi ninayoikata sasa, ya tano, si ya hizo. Ni ya Wessex HAS.3 ya mwaka 1982, iliyokuwa kwenye meli HMS Antrim katika vita vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina. Injini moja. Nundu ya rada mgongoni, iliyowafanya mabaharia waibatize Humphrey, kwa kuwa nundu kwa Kiingereza ni "hump". Hanga yake ilifungukia ubavuni mwa meli, na ilibidi isukumwe kwa mikono kwenye njia nyembamba kupita mtambo wa makombora, huku na huku ni chuma na maji, mpaka ifike kwenye sitaha. Tarehe 22 Aprili, helikopta nyingine mbili za Uingereza zilipoanguka kwenye barafu ya kisiwa cha South Georgia, ndiyo iliyorudi kuwachukua watu wote ikiwa imezidiwa uzito. Siku tatu baadaye, asubuhi, rada ile iliiona nyambizi Santa Fe ya Argentina ikiwa juu ya maji, na mabomu yake mawili ya kina yakaiharibu isiweze kupiga mbizi tena. Jioni ilirudi kwenye sitaha, mapanga yakakunjwa kwa mikono, na wanaume wakaanza kuisukuma tena kwenye ile njia ya ubavuni.